Kubadilisha Madirisha Yaliyochakaa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumwita Fundi



Miongoni mwa maombi yanayofika mara kwa mara katika idara ya maendeleo ni yale ya ukarabati wa nyumba za makazi zilizo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam: nyumba za makatekista, za wauguzi wa zahanati, na za wazee wanaotunzwa na jumuiya ndogondogo. Nyingi ni za miaka ya 1970 na 1980, zilipojengwa katikati ya mikorosho na minazi, na leo zimebanwa na nyumba za majirani kila upande. Katika nyumba hizo, ukiacha bati, kitu kinachochakaa mapema ni madirisha. Mbao zimeliwa na mchwa, bawaba zimeshika kutu kwa hewa ya chumvi, wavu umetoboka, na kioo kilichovunjika kimezibwa kwa kipande cha boksi.

Kwa kawaida ombi huandikwa kwa mstari mmoja tu: "Madirisha 6 ya aluminiamu pamoja na ufundi." Kisha inafuata jumla ya fedha. Mstari huo haumwelezi mfadhili, wala kamati yenyewe, mambo ambayo mwenye nyumba atayaona kila siku baada ya fundi kuondoka: kama hewa itapita usiku, kama mbu watazuiwa, na kama watoto wanaweza kutoka chumbani iwapo moto utatokea. Dirisha jipya linalong'aa linaweza kuwa bora kuliko la zamani, na linaweza pia kuwa baya zaidi. Tofauti inatokana na mambo machache ambayo yanaamuliwa kabla ya fedha kutolewa.

Kazi iliyokuwa ikifanywa na dirisha la zamani

Ni vema kuanza na lile dirisha tunalotaka kuling'oa. Dirisha la mbao la nyumba ya pembezoni mwa jiji kwa kawaida lina vilango viwili vyenye bawaba, nondo katikati, na wavu wa mbu uliopigiliwa kwenye fremu. Juu yake, chini kidogo ya linta au karibu na dari, kuna matofali yenye matundu ya hewa. Vilango vikifunguliwa, nafasi yote ya dirisha inabaki wazi. Vikifungwa kwa sababu ya mvua, yale matundu ya juu yanaendelea kutoa hewa ya joto.

Waliojenga hivyo walijua hali ya hewa ya pwani. Dar es Salaam ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, wakati wa joto kali. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili hadi kipindi cha Septemba au Oktoba. Chumba chenye madirisha katika kuta mbili tofauti hupata hewa inayoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Chumba chenye dirisha moja tu hutegemea sana ukubwa wa nafasi iliyo wazi, pamoja na mlango na matundu ya juu.

Siku hizi mafundi wengi, wanapoweka dirisha jipya, huyaziba yale matundu kwa lipu ili ukuta uwe laini, na mwenye nyumba hufurahi kwa sababu ukuta unapendeza. Kwa maoni yetu hakuna uamuzi mdogo unaoharibu chumba cha kulala cha pwani kuliko huo. Matundu yasizibwe. Yawekewe wavu kwa ndani.

Hesabu ya hewa

Dirisha la aluminiamu lililoenea zaidi sasa ni lile la kusukuma pembeni, lenye vioo viwili vinavyopishana kwenye reli. Lina sifa nzuri: mchwa hawali, mvua haiozeshi, halihitaji kupakwa rangi, na mafundi wake wapo kila mtaa. Lakini kioo kimoja kinapofunguliwa hukaa mbele au nyuma ya kingine. Maana yake ni kwamba dirisha hilo, hata likifunguliwa lote, hutoa nusu tu ya nafasi yake.

Tuchukue nyumba ya kawaida yenye madirisha 6. Sebuleni yapo mawili ya futi 5 kwa futi 4. Vyumba vya kulala vitatu vina dirisha moja kila kimoja, la futi 4 kwa futi 4. Jikoni lipo la futi 3 kwa futi 3. Ukizidisha na kujumlisha, sebule ina futi za mraba 40, vyumba vya kulala 48, na jiko 9. Jumla ni futi za mraba 97. Kwa vilango vya bawaba, karibu zote hufunguka. Kwa vioo vya kusukuma pembeni, zinabaki 48 na nusu, na hapo bado hatujatoa upana wa fremu zenyewe. Ni sawasawa na kuyajengea tofali madirisha yote mawili ya sebuleni na kuziba nusu ya dirisha la chumba kimoja cha kulala.

Familia haitasema kwamba nafasi ya hewa imepungua. Itasema nyumba imekuwa na joto. Usiku wa Januari na Februari watu watakaa barazani hadi saa tano wakipunga upepo, watoto wakiwa kwenye mkeka, na mlango utaachwa wazi. Huo ndio muda ambao mbu wa malaria wameshaanza kuuma. Hivyo mradi uliolenga kuboresha makazi unaweza kuwafanya watu wakimbilie nje palepale mbu walipo. Mwenye uwezo atanunua feni, na gharama ya umeme itakuwa ya kila mwezi, nje kabisa ya bajeti ya mradi.

Yapo maumbo mengine ya kuchagua. Aluminiamu hutengenezwa pia kwa vilango vya bawaba vinavyosukumwa nje, au kioo kinachoning'inia juu na kufunguka kwa chini, ambacho huweza kuachwa wazi kidogo hata mvua ikinyesha. Luva, yaani vile vioo vyembamba vya kulala vinavyogeuzwa kwa mkono mmoja, hutoa karibu nafasi yote na huruhusu hewa kupita hata vikiwa vimeinama kuzuia mvua. Watu wengi waliziacha kwa sababu mwizi huweza kuvichomoa vioo kimoja kimoja kwa nje, na sababu hiyo ni ya kweli. Lakini penye nondo imara na wavu, luva bado ni dirisha zuri kwa jiko, bafu na korido. Na kama kamati imeshaamua kununua vioo vya kusukuma, basi dirisha la chumba cha kulala liongezewe kipande cha juu cha luva au matundu, ili chumba kisitegemee ile nusu peke yake.

Suala hili haliishii kwenye joto. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Lima, nchini Peru, ambapo wataalamu walipima mzunguko wa hewa katika vyumba 70 vya hospitali 8 kwa sababu ya kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa njia ya hewa. Vyumba vya zamani, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa, vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa. Vyumba vya kisasa zaidi vinavyotegemea madirisha vilibadilisha mara 17. Katika nyumba ambamo mgonjwa wa kifua kikuu anaendelea na dawa akiwa anaishi na wajukuu, au ambamo muuguzi analala baada ya zamu ya wodini, ukubwa wa dirisha ni suala la afya. Wenzetu wa nyanda za baridi wanaosoma jarida hili wana tatizo la namna nyingine. Huko dirisha linalobana sana likikutana na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, moshi wake usio na harufu unaweza kuua familia nzima usingizini. Matundu ya hewa ni muhimu Njombe kama yalivyo Mbagala.

Wavu na mbu

Kwamba nyumba iliyozibwa kwa wavu huzuia malaria si habari mpya. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka 1900, madaktari Louis Sambon na George Low waliishi msimu mzima wa malaria katika kibanda chenye wavu huko Ostia, karibu na Roma, mahali palipoogopwa kwa ugonjwa huo. Mchana walitembea na kufanya kazi kama watu wengine, na kila jioni walirudi ndani ya wavu. Hawakuugua.

Utafiti wa karibu yetu zaidi ulifanyika nchini Gambia, katika mji wa Farafenni na vijiji vya jirani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango, madirisha na uwazi wa chini ya paa zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 59 zikilinganishwa na zile ambazo hazikuwekewa chochote. Zilizowekewa dari ya wavu peke yake zilikuwa na pungufu ya asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 katika makundi yote mawili, wakati katika nyumba zisizowekewa walikuwa asilimia 19. Ni haki kuongeza kwamba idadi ya watoto waliokutwa na vimelea damuni haikutofautiana, kwa hiyo mtu asidhani kuwa wavu wa dirishani unaondoa haja ya chandarua cha kitandani.

Lipo jambo ambalo kamati nyingi hazilitilii maanani. Mbu wengi wa malaria hawaingii kupitia dirishani. Huingia kupitia ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa, kwa sababu harufu ya binadamu aliyelala hupanda na kutokea huko. Nyumba isiyo na dari, ambayo uwazi huo haujazibwa, inaweza kuwekewa madirisha ya gharama kubwa sana na mbu wakaendelea kuingia kama kawaida. Mwaka huohuo wa 2009 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao, walichapisha makala kuhusu Dar es Salaam wakizitaja pamoja njia tatu hizi: wavu wa madirisha, dari, na kuziba uwazi wa chini ya paa. Fedha zikiwa chache, tungependa kuona ombi lenye wavu mpya kwenye madirisha ya zamani pamoja na dari, kuliko lenye aluminiamu bila dari.

Wavu unatakiwa pia mchana. Mbu anayeeneza dengu huuma kuanzia asubuhi hadi jioni, muda ambao hakuna mtu aliye ndani ya chandarua isipokuwa mtoto mchanga. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Aidha, mbu wa malaria anayeitwa Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012 na Ethiopia mwaka 2016. Huyo huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji safi, vitu vilivyojaa katika nyumba za pembezoni mwa miji yetu. Hatuwezi tena kusema kwamba malaria ni ya kijijini na mjini ni kero tu.

Kwenye dirisha la kusukuma pembeni, wavu hukaa katika fremu yake na huteleza kwenye reli ya tatu. Kuna mafundi ambao hupunguza bei kwa kutengeneza fremu ya reli mbili, na wavu unakosa mahali pa kukaa. Hilo liulizwe kabla ya kutoa malipo ya awali. Na hata pale wavu upo, kioo kikifunguliwa nusu hubaki upenyo mwembamba kati ya kioo na fremu ya wavu, mbu akapita bila shida. Dawa yake ni brashi za pembeni zinazobana vizuri, na wenye nyumba kuelezwa kwamba kioo kifunguliwe chote au kifungwe chote.

Kwa nyumba za karibu na bahari, wavu wa chuma haudumu. Wavu wa nyuzi za plastiki na kioo, au wa aluminiamu, hustahimili chumvi. Uwekwe kwenye fremu ya kutolewa, maana wavu wa barabara ya vumbi huziba kama chujio la chai, na ukishaziba hewa haipiti. Unahitaji kuoshwa kwa maji na sabuni mara kadhaa kwa mwaka. Wavu uliopigiliwa misumari hauoshwi na mtu.

Si kila dirisha lililochakaa ni la kutupwa

Chukueni bisibisi, mchome mbao za dirisha mahali pengi, hasa kwenye kona za chini na mahali fremu inapogusa ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imekwisha. Ikigonga na kurudi, mbao ni nzima hata kama rangi imebanduka na inaonekana mbaya. Dirisha la mninga au la mvule la miaka 40 mara nyingi limeoza kipande cha chini tu, mahali maji yanapotuama. Seremala mzuri hukata kipande hicho, huunga kingine, hubadilisha bawaba na komeo, na kuweka puti mpya kuzunguka kioo. Kazi hiyo huchukua siku chache. Mbao za mninga za ubora ule wa zamani ni ghali, na kuzing'oa zikiwa nzima ili kuweka fremu nyembamba ya aluminiamu ni kupoteza mali ya parokia.

Mchwa ni habari nyingine. Wakikutwa kwenye fremu, kuna njia yao ya udongo ukutani au chini ya sakafu. Fremu mpya ya mbao ikiwekwa bila kuiharibu njia hiyo na kutia dawa, itarudi hali ileile baada ya muda mfupi. Hapo ndipo aluminiamu inapokuwa na faida ya wazi.

Tahadhari inahitajika katika kukwangua rangi. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma nyingi zilitiwa risasi ili zikauke haraka na zidumu, na madirisha na milango ndiko zilikopakwa kwa wingi. Vumbi la rangi hiyo likiingia mdomoni mwa mtoto huathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya zamani ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa. Isipigwe msasa ikiwa kavu. Watoto na wajawazito wahame chumba hicho, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa, na maganda yakusanywe kwenye mfuko, yasitupwe bustanini wala kuchomwa.

Nondo na moto

Hakuna atakayekubali dirisha lisilo na nondo pembezoni mwa jiji, nasi hatushauri hivyo. Lakini nondo zilizochomelewa na kujengewa ukutani pande zote hugeuza chumba cha kulala kuwa kizimba iwapo moto utaanzia sebuleni au jikoni na kuziba njia ya mlango. Tunasikia habari za familia zilizokutwa dirishani. Majirani walikuwa nje wakivuta nondo kwa mikono.

Jambo hili lina jibu rahisi, nalo ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Katika kila chumba cha kulala nondo za dirisha moja zitengenezwe kama kilango chenye bawaba imara, kinachofungwa kwa kufuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia, lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Wote wa nyumba hiyo waonyeshwe na wajaribu kufungua gizani. Dirisha lenyewe liwe pana kiasi cha mtu mzima kupita, na hapa tena kioo cha kusukuma pembeni kina upungufu: dirisha la futi 3 litatoa futi moja na nusu tu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushie ukuta mdogo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sisi hatulali juu ya paa, lakini wajibu wa mjenzi ni uleule, na mfadhili aliyelipia nondo anashiriki wajibu huo. Kuanzia robo hii idara haitapitisha makisio ya nondo za vyumba vya kulala zisizofunguka.

Vipimo, fundi na malipo

Kuta za nyumba zilizojengwa kwa nguvu za waumini mara chache zimenyooka. Upana wa nafasi ya dirisha upimwe mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu vivyo hivyo. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kutumia, kisha kipunguzwe milimita 5 hivi kila upande ili fremu iingie bila kugongwa kwa nyundo. Pimeni pia kutoka kona hadi kona. Mistari hiyo miwili ikitofautiana, nafasi imepinda na lazima irekebishwe kwa lipu kwanza. Fundi anayechukua vipimo vya dirisha moja na kusema "yote yako sawa" arudishwe akapime yote.

Zege na lipu mbichi hula aluminiamu. Kazi ya uashi iishe na ikauke kabla ya fremu kuwekwa, au fremu ifunikwe kwa karatasi na gundi. Parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chini ya fremu ya kusukuma kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua. Yanatakiwa kutazama nje, na yakizibwa kwa silikoni au vumbi, maji hujaa relini na kumwagikia sebuleni wakati wa masika. Sehemu ya chini ya dirisha upande wa nje iwe na mteremko. Kwa kioo, unene wa milimita 5 unatosha madirisha ya ukubwa tulioutaja. Vioo vya giza vinavyopendwa sasa huzuia sehemu ya mwanga wa jua, lakini hufanya chumba kihitaji taa mchana, na usiku taa ikiwaka ndani mtu wa nje anaona kila kitu. Kwa dirisha linalotazama magharibi, kivuli cha paa refu au mti husaidia zaidi kuliko kioo cha giza.

Kuhusu malipo, tunaomba makisio ya mafundi watatu, na yote yawe kwa vipimo vilevile vilivyoandikwa na kamati. Vinginevyo kulinganisha bei hakuna maana, kwa kuwa mmoja atakuwa ameweka wavu na brashi, mwingine hakuweka. Kila dirisha liandikwe peke yake: ukubwa wake, nafasi inayofunguka kwa futi za mraba, aina ya wavu, unene wa kioo, nondo zinafungukaje, na hali ya dari ya chumba hicho. Safu ya nafasi inayofunguka iwe mbili, kabla na baada ya kazi. Ikiwa namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kamati ieleze kwa nini. Mchango wa jamii, iwe ni kubomoa, kubeba mchanga au chakula cha mafundi, uandikwe pia kwa thamani yake. Malipo ya mwisho yasitolewe hadi wanakamati wawili wamwage ndoo ya maji kwenye kila dirisha kwa nje na kukagua ndani, na wajaribu kufungua kila kufuli la nondo.

Picha zinazotumwa kwa wafadhili mara nyingi huonyesha nyumba kwa mbele, vioo vikiwa vimefungwa. Tungeshukuru kupata na picha ya chumba cha kulala kwa ndani, dirisha likiwa wazi na wavu ukionekana.

Vifaa vya zamani vina matumizi. Vilango vizima vya mninga vinafaa kwa kabati la sakristia au dirisha la jiko la nje, na nondo nzima huchomelewa upya. Mbao zenye rangi ya zamani zisitumike kama kuni za kupikia, kwa sababu ya ile risasi. Kabla ya kuuza kitu chochote, orodha yake isainiwe na mwenyekiti wa kamati na paroko, na fedha ziingie kwenye akaunti ya mradi huohuo. Fomu mpya ya makisio, yenye safu tulizozitaja, inapatikana katika ofisi ya idara na kwa waratibu wa dekania.